Sultani Aliyetaka Kujua Yupi Bora, Paka au Mbwa

Sultani Mudhaffari bin Azani alitawala mji wa Samhari miaka kumi na tisa, na Samhari ulikuwa mji wa ngome saba na misikiti arubaini, na soko la udi na miski na hariri ya Sini, na watu wake walikuwa wakarimu kwa mgeni na wabishi wao kwa wao, na walikuwa na maradhi mamoja ambayo hakuna tabibu aliyeyapatia dawa, nayo ni kujua kila kitu kabla hawajakitazama. Ukiwauliza habari za watu wa bara, wanazo. Za wajane, wanazo. Na zaidi ya zote walizijua habari za paka na mbwa. Paka, walisema, ni msafi na mtukufu, ana roho saba, huingia msikitini asifukuzwe, ila hana shukrani, hupenda nyumba na si mwenye nyumba. Mbwa, walisema, ni najisi na hana haya, ila ni mwaminifu, ukimpiga teke hurudi kukulamba mguu uliompigia. Hayo waliyapokea kwa baba zao, na baba zao waliyapokea kwa baba zao, na katika silisila yote hiyo hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kukaa chini akamtazama paka mmoja, au mbwa mmoja, kwa muda wa kutosha kumaliza kikombe cha kahawa.

Sultani huyo alikuwa na pete ya akiki nyekundu, na katika pete hiyo alifungwa jini, jina lake Marjufu, ambaye katika ujana wake alihamisha milima na kukausha mito, na wafalme wa zamani walimwita kwa kutetemeka. Sultani Mudhaffari alimwita apulize kahawa ipoe. Akimaliza hapo, humtaka aamue mabishano ya barazani: nani alikuwa na ndevu ndefu zaidi, marehemu fulani au marehemu fulani. Marjufu alitii, maana kiapo ni kiapo, lakini alikuwa amechoka, na jini aliyechoka si wa kufanyiwa mzaha.

Basi siku moja, baada ya sala ya alasiri, Sultani aliketi faragha na Waziri wake Hilali, wakinywa kahawa kwa halua, na paka akapita juu ya ukuta, na mbwa akabweka nje ya lango, na hilo likatosha kuanzisha ubishi.

"Maulana," alisema Waziri Hilali, "paka ndiye sultani wa wanyama wa mjini. Hamwombi mtu kitu."

"Hamwombi kwa sababu anaiba, Hilali."

"Na mbwa je, Maulana?"

"Mbwa niondolee. Mbwa ni mtumishi aliyeota manyoya."

Wakabishana hata povu la kahawa likakauka vikombeni, na Sultani akaisugua pete, na Marjufu akasimama mbele yake, kichwa chake kikigusa boriti.

"Labeka, bwana wangu."

"Ewe Marjufu, yupi bora, paka au mbwa?"

"Sijui, bwana wangu," alisema jini. "Sijawahi kuwa paka, wala sijawahi kuwa mbwa."

"Sikukuuliza umewahi kuwa nani. Mimi na Waziri wangu tunataka kujua."

"Mnataka kujua kweli?"

"Tunataka kujua, na hiyo ni amri!"

"Nimesikia na nimetii," alisema Marjufu, na watu wa jikoni wanasema sauti yake siku hiyo ilikuwa ya mtu anayevua viatu baada ya safari ndefu.

Watumishi walipokuja kuondoa vikombe walikuta kanzu mbili zimelala chini, na vilemba viwili, na juu ya kanzu hizo paka wa rangi ya manjano na mbwa wa kijivu mwenye sikio moja lililokunjika. Pete ilikuwa mkekani, maana kidole kilichoivaa hakikuwapo tena. Na Marjufu alikuwa ameketi juu ya mto wa Sultani, akimalizia halua.

Jumba zima likawa kilio. Akaitwa Mwana Nuhaila, mke wa Sultani, ambaye walikuwa wameoana miaka kumi na miwili, na alikuwa mwanamke wa maneno machache, asiyependa kulia mbele za watu. Akaiokota pete akaisugua.

"Usijichoshe, bibi," alisema jini. "Pete imeanguka yenyewe, na mimi ni huru. Nimengoja kwa adabu tu, nikupe masharti. Mmoja wa hawa ni mumeo, mmoja ni Waziri, na nani ni nani sisemi. Una siku saba. Siku ya saba, mbele ya watu, weka mkono wako mtupu juu ya kichwa cha mmoja, umwite mumeo kwa jina lake. Ukipatia, wote wawili watarudi kuwa watu. Ukikosea, watabaki hivi hivi mpaka wafe, na wanyama hawa, bibi, hawaishi miaka mingi."

"Wana akili zao?"

"Wanazo zote. Lakini kila wakikusudia kukupa ishara, viungo vyao vitawagomea. Lile wanalolifanya bila kukusudia, hilo sikulizuia."

Siku ya pili wakakusanyika barazani Kadhi Swilehe na wakubwa wa mji, na katibu na wino wake, na Mwana Nuhaila akaketi nyuma ya pazia kama ilivyokuwa desturi. Kadhi akasimama, akakohoa, akasema:

"Enyi waungwana wa Samhari, jambo hili limetutia huzuni, lakini halikututia shaka. Mbwa ni kiumbe wa kufuata na kutumwa. Nani alikuwa akifuata na kutumwa? Waziri. Paka ni kiumbe wa kutumikiwa, haitwi akaja, hatumwi akaenda. Nani alikuwa akitumikiwa? Na zaidi ya hayo, Sultani wetu ndiye aliyetusalisha kila Ijumaa. Mtu wa twahara kama yule, najisi itamwingilia wapi? Sultani ni paka. Wallahi ningeshangaa angekuwa kitu kingine."

Wakubwa wakasema, "Umesema kweli, Kadhi." Na hakuna aliyeweza kusema vinginevyo hata kama angetaka, kwa kuwa palikuwa na sheria tangu zama za babu yake Sultani, kwamba atakayemfananisha mfalme na mbwa atakatwa ulimi. Sheria ile ilitungwa kwa ajili ya mshairi mmoja, na mshairi yule hakuimba tena.

Katibu akaamriwa akae na wanyama wale aandike mienendo yao, iwe ushahidi. Na hapa ndipo ninapotaka msikilizaji anisikilize vizuri. Paka yule alikuwa hana utukufu hata wa kutia kijikoni. Alizunguka mlango hadi mlango, akamsugua kila mtu miguuni, mpishi, bawabu, mfagizi, akajigaragaza chali apapaswe tumbo, na akiachwa peke yake hulia mpaka mtu arudi. Katibu akaandika: *Paka amekagua jumba lake kwa haiba.* Mbwa yule aliketi upande wa mitungi ya maji, ameupa ukuta uso, hamfuati mtu, akiitwa hageuki, akitupiwa mfupa hautazami. Katibu akaandika: *Mbwa yuko tayari kutumwa.* Alikuwa kijana msomi, macho yake hayakuwa na kasoro.

Mwana Nuhaila aliwatazama wanyama wale siku tatu, hakujua lolote. Na hilo ndilo lililomtisha kuliko jini. Miaka kumi na miwili! Aliyajua mashairi yote ya kumsifu mumewe, simba wa Samhari, ngao ya wanyonge, na kila alipoyapitia moyoni hakuona ndani yake mtu wa kumshika mkono. Akijiuliza Mudhaffari ni mtu wa namna gani, jibu lililokuja lilikuwa la barazani.

Siku ya nne akaamuru chakula chake kiletwe ukumbini, na wale wanyama waachwe humo pamoja naye. Likaletwa sinia moja la wali na nyama ya mbuzi, na Kadhi alikuwa ameketi mlangoni, na katibu, na somo wake Mwana Nuhaila, Bi Mize, bibi mtu mzima aliyemfunda alipovunja ungo na tangu hapo hakuacha kumfunda. Paka akaja mbio, akapanda mapajani pa Kadhi, akaomba. Mbwa hakuja. Mwana Nuhaila akakata tamaa, akaanza kula upande wake wa sinia. Na baada ya muda mbwa akainuka, akaja polepole, akaketi ng'ambo ya sinia palipo wazi, akainamisha pua, akaisukuma ile nyama ya ubavu, iliyo nzuri kuliko zote, mpaka ikafika upande wa Mwana Nuhaila. Kisha akala wali mkavu uliobaki kwake, akitazama kwingine.

Tonge likamganda Mwana Nuhaila mkononi. Maana mumewe, katika chumba cha ndani ambamo hapana shairi lililowahi kuingia, kila siku ya miaka kumi na miwili, huku akizungumzia ushuru au mvua au meno yake, alikuwa akilisukuma fungu jema kwa ncha ya kidole mpaka upande wa mkewe, asijue kwamba anafanya hivyo. Na yeye aliila nyama ile miaka yote, naye asijue kwamba anapewa.

"Astaghfirullahi!" alipiga kelele Kadhi. "Mbwa ametia pua chakulani! Liondoeni! Sinia lioshwe mara saba, na moja kwa udongo! Bibi, nawe uoshe mkono, tafadhali."

Wakaliondoa sinia. Katibu akaandika: *Mbwa hana adabu.* Na Mwana Nuhaila akaosha mkono mara saba kama alivyoambiwa, na alipokuwa akiosha machozi yalimtoka, na Bi Mize akayaona.

"Haya, mwanangu, sema," alimwambia walipobaki wawili.

"Ni mbwa, somo. Mudhaffari ndiye mbwa."

Bi Mize akafunga mlango, akarudi akaketi. "Una hakika?"

"Kama ninavyojijua mimi."

"Hiyo si hakika kubwa, lakini tuseme. Utakwenda mbele ya mji mzima uweke mkono juu ya mbwa uite jina la Sultani? Ukikosea, ulimi huna."

"Na nikipatia?"

"Ukipatia ndipo ninapokuogopea zaidi." Bi Mize akamtazama kwa huruma. "Nimefunda mabibi arusi sitini na kitu, sikumwambia hata mmoja hili, maana wangekimbia. Mwanamume atakubali umwone uchi. Atakubali umwone mgonjwa. Lakini umwone mbwa, na watu wote wakuone ukimwona? Mwanangu, mimi sijui kama yuko atakayekubali."

"Basi nimwache afe na manyoya?"

"Nimesema hivyo? Nimekwambia bei tu."

Siku ya saba, baada ya sala ya adhuhuri, watu walijaa uwanja wa jumba hata wengine wakapanda juu ya kuta, na Marjufu aliegemea nguzo akitafuna tambuu. Wakaletwa wanyama. Paka alikuwa amefungwa utepe wa zari shingoni, kwa kuwa watu wa Samhari hawakutaka kuchelewa kumheshimu. Mbwa alikuwa amefungwa kamba.

"Bibi," alisema Kadhi kwa sauti ya upole, na kwa haki alikuwa akimwonea huruma, "umma wote umeafikiana. Weka mkono tumalize."

Mwana Nuhaila akatoka nyuma ya pazia, akavua bangili na pete, akakunja mkono wa kanzu. Paka akamjia mbio, akamsugua miguuni, na watu wakasema, "Allah! Amemtambua mkewe!" Akampita. Paka akamfuata, akampita tena. Akafika palipofungwa mbwa, na mbwa akatazama chini, na watu wakaanza kunong'ona, na Kadhi akasema, "Bibi, bibi, la," na Mwana Nuhaila akaweka kiganja chake kitupu juu ya kile kichwa cha kijivu, kwenye lile sikio lililokunjika, akasema:

"Mudhaffari mwana wa Azani. Mume wangu. Inuka twende nyumbani."

Na mara mbwa hakuwapo, na aliyekuwapo ni Sultani wa Samhari, yuko uchi, kwa mikono na magoti, kamba ya mbwa shingoni. Na kando yake akawapo Waziri Hilali, shavu lake likiwa bado limeegemea mguu wa mtu, mguu wa bawabu.

Mkononi mwa Mwana Nuhaila, nywele za mumewe zilikuwa na joto. Kitambo kidogo, kama pumzi tatu, hakusogea, na Sultani naye hakusogea, na katika pumzi hizo tatu aliegemeza kichwa chake kwenye kile kiganja kwa uzito wake wote.

Kisha mtu mmoja juu ya ukuta akacheka. Hakucheka kwa ubaya, ni kicheko kilichomponyoka tu. Na Sultani akakitoa kichwa chake, akasimama, akavishwa joho, na macho yake hayakumtafuta mkewe, yalimtafuta aliyecheka.

"Haya, bwana wangu wa zamani," alisema Marjufu. "Amri nimeitimiza. Yupi bora?"

"Ondoka!"

"Hilo si jibu," alisema jini, akatema tambuu, akatoweka, wala hakuonekana tena katika nchi ile.

Sheria ilikuwa sheria, na mwanamke alikuwa amemwita Sultani kwa jina mkono wake ukiwa juu ya mbwa, na kila mtu alijua kuwa kinachofuata ni kisu. Ndipo Kadhi Swilehe, ambaye alikuwa mwoga lakini si katili, akainua mikono miwili juu.

"Alhamdulillahi! Tumeona sote, kwa macho yetu, Bibi akiweka mkono juu ya paka!"

Kisha sauti moja ikasema, "Tumeona." Na nyingine. Na uwanja mzima ukanguruma, "Tumeona! Paka! Tulisema sisi!" Na katibu akaandika.

Sultani akageuka kwa mkewe, na mara ya kwanza akamtazama.

"Nuhaila. Uliweka mkono wapi?"

Kadhi akamkonyeza. Bi Mize, nyuma ya pazia, akafumba macho. Neno moja tu la silabi mbili lilitakiwa, na Mwana Nuhaila alilitafuta kinywani mwake, hakulipata.

"Niliuweka juu ya mume wangu," alisema.

Watu wakashangilia, kwa kuwa kila mmoja alilisikia jibu alilolitaka. Sultani peke yake hakushangilia.

Siku ile ile likatoka tangazo kwamba mbwa wote wa Samhari watolewe nje ya kuta, na wakatolewa kwa fimbo na mawe, hata wale wa wawindaji waliozaliwa ndani ya nyumba, na kwa siku nyingi walikuwa wakizunguka ukuta wakitafuta mlango, kisha wakapungua, kisha wakaisha. Na kwa kuwa Sultani alikuwa paka, ilibidi Waziri awe mbwa, na Waziri Hilali alikubali kwa kuinama kama alivyokubali mambo yote maishani mwake. Watu wakawa wanamwonyesha wageni: "Mtazameni alivyo mwaminifu. Inaonekana kabisa."

Sultani hakuingia chumba cha ndani siku arubaini. Alikula barazani, pamoja na wakubwa, sinia lake peke yake. Siku ya arubaini na moja, asubuhi jua likiwa juu, akaja, akasimama mlangoni asiketi.

"Ulinijuaje?"

Mwana Nuhaila alikuwa akishona. Akaweka sindano chini. "Nikikwambia, hutalifanya tena."

"Ni jambo la aibu?"

"Hapana, Mudhaffari. Ni jambo jema kuliko yote uliyonayo."

Uso wake ulikuwa wa mtu anayepekua nyumba yake mwenyewe asione kilichoibwa. "Wale wengine," alisema, "wakinitazama wanaona Sultani. Hata walioona, wanaona Sultani. Ni wewe tu. Kila nikikutazama nahisi mkono wako juu ya kichwa changu, na niko chini, na kamba shingoni."

"Mimi nikikumbuka siku ile sioni kamba. Sijawahi kukupenda kama siku ile."

"Ndiyo maana," alisema Sultani. "Ndiyo maana, Nuhaila. Nakupa talaka yako."

Alimpa kwa wema, siwezi kumsingizia. Alimpa nyumba ya ghorofa mbili yenye bustani, na masanduku matatu ya dhahabu, na kila sanduku lilibebwa na watu wanne. Na mwezi wa pili alimwoa binti ya Kadhi Swilehe, na arusi ilidumu siku kumi na nne, na washairi wakamsifu kwa kumfananisha na paka, na bibi arusi alikuwa msichana mzuri, mwenye tabia njema, aliyemwona mumewe kuwa simba wa Samhari tangu usiku wa kwanza mpaka siku alipomzika, na kwa hiyo waliishi kwa raha.

Mwana Nuhaila hakuolewa tena. Wachumba walikuja, kwa ajili ya masanduku, na kila mmoja aliketi akajieleza kuwa yeye ni mtu wa namna gani, na Mwana Nuhaila aliwasikiliza kwa adabu akawapa kahawa. Bi Mize alihamia kwake, na mara moja tu alimwuliza kama anajuta.

"Sijui, somo," alisema. "Kuna siku natamani ningeuweka mkono juu ya paka. Angekufa na manyoya, lakini angekufa wangu."

"Usiseme hivyo."

"Nimeshasema."

Na funzo la hekaya hii, kwa kuwa hekaya bila funzo watu huirudisha dukani, ni kwamba wengi hulia usiku na mchana wapate mtu wa kuwajua walivyo, na akipatikana humpa dhahabu ili aende nayo mbali. Mimi nimemaliza kusimulia. Aliyeelewa, asimwambie mumewe.